Faili Linalotunza Saa za Dunia

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Oktoba ikishapita, ratiba hubadilika katika vibanda umiza vya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Mechi ya Ligi Kuu ya England inayoanza saa tisa alasiri kwa saa za London, ambayo Jumamosi iliyotangulia ilionyeshwa saa kumi na moja jioni, sasa inaanza saa kumi na mbili. Afrika Mashariki hakuna aliyegusa saa yake. Waingereza ndio waliorudisha zao nyuma usiku wa kuamkia Jumapili, na simu ya shabiki ilikwisha kulijua hilo kabla yake. Programu ya matokeo ya soka inaandika muda ulio sahihi, na kikao cha video na ndugu aliyeko Uingereza nacho kimesogea chenyewe kwenye kalenda.

Simu haikujua hayo kwa kulitazama jua. Ilisoma kwenye jedwali. Jedwali lenyewe hutokana na mafaili machache ya maandishi ya kawaida, ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma, na kwa pamoja huitwa hifadhidata ya tz. Simu za Android na iPhone huitegemea, vivyo hivyo seva za Linux, lugha ya Java na hifadhidata nyingi za mabenki na hospitali. Windows ina orodha yake, lakini kuna jedwali jingine la kuioanisha na hii. Humo mna kumbukumbu ya karibu kila sheria, amri na tangazo la serikali lililowahi kusogeza mishale ya saa, na wanaoitunza tangu mwanzo ni watu wachache wa kujitolea.

Chanzo chake ni uamuzi uliofanywa na waliobuni mfumo wa Unix katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliona kwamba kompyuta haina haja ya kuhesabu saa za mji wowote. Ihesabu sekunde tu. Baada ya majaribio kadhaa, hesabu ikatulia kwenye sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa kuamkia 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Sekunde hizo ni zilezile Nairobi, New York na Tokyo. Kazi huanza pale mtu anapotaka kuzisoma, kwa kuwa lazima programu ijue mahali hapo, siku hiyo, saa ilikuwa mbele au nyuma ya Greenwich kwa kiasi gani.

Jibu la kwanza liliandikwa ndani ya programu yenyewe, nalo liliijua Marekani peke yake. Hata Marekani ilikuwa na visa vyake. Wakati wa msukosuko wa mafuta nchi hiyo ilisogeza saa mbele mapema mno, tarehe 6 Januari 1974, na mwaka uliofuata ikafanya hivyo mwishoni mwa Februari. Miaka hiyo miwili ikabidi iandikwe kama vighairi katikati ya msimbo wa Unix. Aliyetumia mfumo huo Sydney au Paris alijitegemea. Kisha mwaka 1986 bunge la Marekani likabadilisha kanuni tena: kuanzia 1987 saa zisogezwe Jumapili ya kwanza ya Aprili badala ya ile ya mwisho. Kila kompyuta iliyobeba kanuni ya zamani ndani ya programu zake ikahitaji programu mpya.

Ndipo Arthur David Olson, mtayarishaji programu katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani huko Maryland, alipokuja na njia nyingine. Alizitenga kanuni na programu. Kanuni zikaandikwa kwenye faili la maandishi, mstari kwa mstari: mji huu ulikuwa mbele kwa saa ngapi, tangu lini hadi lini, kwa kanuni ipi. Programu ndogo ikawa inayageuza maandishi hayo kuwa mafaili mafupi yanayosomeka na kompyuta. Serikali ikibadilisha sheria, mstari mmoja unarekebishwa na programu nyingine zote zinabaki kama zilivyo. Olson alikataa kudai hakimiliki. Kazi aliigawa bure, akaanzisha orodha ya barua pepe ya kujadili marekebisho, na kwa miaka mingi saa za dunia zikawa zinapakuliwa kutoka kwenye seva ya taasisi ya utafiti wa saratani.

Mwaka 1993 Paul Eggert, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alipendekeza namna ya kuzitaja kanda: bara, kisha mji. Hapo ndipo lilipotoka jina la Africa/Nairobi ambalo kila fundi wa seva wa Afrika Mashariki amewahi kuliandika. Mji ulipendelewa kuliko nchi kwa sababu nchi hugawanyika, huungana na hubadili majina, ilhali mji hukaa. Tena nchi moja yaweza kuwa na saa mbili. Katika Kongo (DRC), Kinshasa iko saa moja mbele ya Greenwich. Lubumbashi, Goma na Bukavu ziko saa mbili mbele, sawa na Kigali na Bujumbura.

Mstari wa Nairobi unastahili kusomwa polepole. Kwa kijana wa leo, saa za Afrika Mashariki hazina habari: saa tatu mbele ya Greenwich, mwaka mzima, hazipandi wala hazishuki. Faili linasimulia mengine.

Linaanza na jua. Mji ulioko kwenye longitudo ya Nairobi uko mbele ya Greenwich kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16, na kabla ya sheria yoyote kila mji ulikuwa na adhuhuri yake. Kati ya Mombasa na Kisumu, miji iliyounganishwa na reli mwaka 1901, jua hupishana kwa takriban dakika 20. Kati ya Dar es Salaam na Kampala, kwa karibu dakika 27. Mwezi Mei 1908 utawala wa Waingereza katika iliyokuwa East Africa Protectorate ulitangaza kwenye gazeti lake rasmi kwamba saa halali itakuwa mbili na nusu mbele ya Greenwich.

Hapo haikukaa. Usiku wa manane wa 30 Juni 1928 saa za Kenya zilisogezwa mbele nusu saa, zikafikia tatu kamili. Sheria hiyo ilifutwa, na usiku wa 4 Januari 1930 saa zikarudi mbili na nusu. Mwaka 1936 ikatungwa sheria nyingine, na mwaka ulipokwisha Kenya ikahamia saa tatu kasorobo mbele ya Greenwich, katikati kabisa ya yale mawili yaliyokwisha kujaribiwa. Vita vya Pili vya Dunia vikaleta kanuni za ulinzi, na chini ya kanuni hizo saa zikasogezwa tena robo saa usiku wa 31 Julai 1942, zikawa tatu kamili. Zimekaa hapo hadi leo.

Ila sheria ya saa tatu kasorobo haikufutwa. Mwaka 1948 iliingizwa katika sheria ya jumla ya tafsiri, na ilibaki kwenye vitabu mpaka marekebisho ya 1955 yalipotambua rasmi saa tatu kamili. Kwa miaka 13, maandishi ya sheria yalisema hivi na mishale ya saa ukutani ikasema vile.

Kompyuta zilichelewa sana kuyajua haya. Kwa muda mrefu mstari wa Nairobi uliamini kwamba saa tatu kasorobo zilianza 1940 na kudumu mpaka mwisho wa 1959. Habari hizo zilitoka kwenye kitabu cha Thomas Shanks, *The International Atlas*, kilichotungwa kwa ajili ya wapiga falaki. Mpiga falaki anahitaji kujua mteja alizaliwa dakika ipi hasa, na hawezi kujua bila kufahamu saa za mji ule siku ile, kwa hiyo ni wao waliokusanya historia ya saa za dunia kabla ya wahandisi kuihitaji. Waliotunza hifadhidata waliitumia kazi hiyo kwa kukosa nyingine, huku wakiandika kando ya mistari kwamba si ya kuaminika sana. Oktoba 2020 mchangiaji mmoja aliyapekua magazeti rasmi ya utawala wa Kenya, akatuma tarehe pamoja na namba za kurasa, na mstari ukasahihishwa.

Pengine robo saa ya enzi za ukoloni inaonekana kama jambo la kitaaluma tu. Kwenye kumbukumbu za watu haiko hivyo. Tuseme mtu alizaliwa 12 Machi 1950. Mfumo mmoja unaihifadhi tarehe hiyo kama usiku wa manane, kwa kanuni ya saa tatu kamili. Mwingine, wenye jedwali la zamani, unaisoma kwa kanuni ya saa tatu kasorobo. Dakika 15 zinapotea katikati, na skrini inaonyesha saa sita kasorobo usiku ya tarehe 11 Machi. Programu ikikata saa na kubakiza tarehe, mwenye pensheni amekuwa mkubwa kwa siku moja na kitambulisho chake hakilingani tena na faili lake. Mafundi wenye uzoefu huihifadhi tarehe ya kuzaliwa kama tarehe tupu, isiyoambatana na saa wala ukanda.

Kitu kimoja hakimo katika mistari hiyo, nacho ni saa ya Kiswahili. Faili hurekodi saa zilizowekwa na mamlaka, na hakuna serikali iliyotunga sheria ya kuanza kuhesabu jua linapochomoza. Hata hivyo imetajwa. Katika maelezo ya upande wa Ethiopia, Eggert ameacha tahadhari kwamba Waethiopia wengi, kama Waswahili wa Kenya na Tanzania, huhesabu saa kuanzia alfajiri, hivyo anayeuliza saa kwa Kiamhari alizingatie hilo. Mradi mwingine wa kimataifa unaotunza data za lugha za watu kwa matumizi ya kompyuta, CLDR, umeyapa majira ya siku majina ya Kiswahili: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Tarakimu zimeachwa za Kizungu. Simu iliyowekwa Kiswahili inaweza kuandika 8:00 asubuhi, na mwenye simu akasoma saa mbili bila hata kufikiri.

Urithi wa wapiga falaki ulirudi kwa sura nyingine mwaka 2011. Tarehe 30 Septemba kampuni ya Marekani iitwayo Astrolabe, yenye kuuza programu za unajimu, iliwashtaki Olson na Eggert kwa madai kwamba hifadhidata ilinakili kazi ya Shanks ambayo haki zake ziko mikononi mwake. Siku chache baadaye Olson aliifunga seva na orodha ya barua pepe. Kwa muda mfupi, mafaili yaliyokuwa yakiziongoza kompyuta za dunia hayakuwa na makao. Olson alikuwa anakaribia kustaafu, na mpango wa kuikabidhi kazi kwa IANA, chombo kinachosimamia anwani za intaneti, ulikuwa umeshaanza; kesi ikauharakisha. Makabidhiano yalitangazwa 14 Oktoba na Eggert akawa mratibu. Februari 2012, baada ya mawakili wa EFF, shirika la kutetea haki za mtandaoni, kuingilia kati, Astrolabe iliondoa kesi na kuomba radhi. Tarehe ambayo saa zilibadilishwa ni tukio la historia, na tukio halina hakimiliki.

Mahakama ilikuwa taabu ya mara moja. Taabu ya kila mwaka ni serikali.

Zipo zinazoaga mapema. Samoa ilitangaza Mei 2011 kwamba itauvuka mstari wa tarehe ili siku zake za kazi zilingane na za Australia na New Zealand, na kompyuta zikapata miezi saba ya kujiandaa kwa nchi isiyokuwa na Ijumaa ya 30 Desemba. Nyingine hazisubiri. Misri mwaka 2016 ilighairi kusogeza saa zikiwa zimebaki siku tatu. Serikali ya Morocco ilikata shauri 26 Oktoba 2018 kwamba saa zisirudishwe nyuma tena, wakati zilipangwa kurudishwa tarehe 28. Tangu hapo Morocco hukaa saa moja mbele ya Greenwich, isipokuwa mwezi wa Ramadhani, ambapo hurudi nyuma. Kwa sababu Ramadhani hufuata mwandamo, watunzaji wa faili wamelazimika kuikadiria mapema, mwaka baada ya mwaka, hadi 2087.

Sudan ilihama kutoka saa mbili hadi tatu mbele ya Greenwich mchana wa 15 Januari 2000, ikarudi mbili 1 Novemba 2017. Juba, ambayo wakati huo ilikwisha kuwa mji mkuu wa nchi nyingine, ilibaki kwenye tatu pamoja na Nairobi na Kampala mpaka 1 Februari 2021, ndipo nayo ikarudi mbili. Basi linalovuka mpaka wa Nimule, kati ya Sudan Kusini na Uganda, tangu siku hiyo huvuka pia saa.

Lebanon iliwatoa jasho watunzaji kuliko nchi hizo zote. Alhamisi ya 23 Machi 2023, siku mbili tu kabla ya saa kusogezwa mbele, waziri mkuu Najib Mikati alitangaza kwamba jambo hilo liahirishwe hadi Ramadhani iishe. Toleo jipya la hifadhidata likatoka siku hiyohiyo. Kanisa la Wamaroni likakataa, baadhi ya vituo vya televisheni navyo vikakataa, na Jumapili nchi ikaamka na saa mbili tofauti. Simu nyingi zilikuwa hazijapata toleo jipya, zikasogea kwa kanuni ya zamani. Jumatatu baraza la mawaziri likabatilisha uamuzi, na Jumanne likatoka toleo jingine la hifadhidata lililorudisha mambo yalivyokuwa. Anayeisoma leo hataona dalili ya zogo lolote: Lebanon imeandikwa kuwa ilisogeza saa 26 Machi 2023, kama miaka yote.

Kwa mafundi, hekaheka hizi zimezaa mazoea. Seva huwekwa kwenye saa za dunia, UTC, hata ikiwa inahudumia mji mmoja, na saa za mahali huhesabiwa dakika ya mwisho, macho ya mtu yanapohusika. Kazi za usiku kama kufunga mahesabu au kunakili data hazipangwi kati ya saa saba na saa tisa usiku katika nchi zinazosogeza saa, kwa kuwa usiku mmoja wa mwaka saa hiyo haipo, na usiku mwingine huja mara mbili. Windows kwa kawaida huandika saa ya mahali kwenye saa ya ndani ya mashine, na Linux huandika UTC. Kompyuta ya Nairobi yenye mifumo yote miwili basi hupishana na ukweli kwa saa tatu kamili kila inapohama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Hata kampuni kubwa hukwaa: Oktoba 2010, saa za Ulaya ziliporudi nyuma, kengele za kujirudia za iPhone zililia kwa kuchelewa saa nzima, na wengi wakachelewa kazini Jumatatu.

Ndani ya hifadhidata yenyewe mgogoro mkubwa uliofuata ulihusu usawa. Kwa kanuni ya mradi, miji ambayo saa zake zimelingana tangu 1970 huweza kuunganishwa katika mstari mmoja. Dar es Salaam, Kampala, Mogadishu, Addis Ababa, Djibouti na Antananarivo ziliunganishwa na Nairobi zamani, na historia yao ya kabla ya 1970 ikahamishiwa kwenye faili la pembeni ambalo mifumo mingi hailisomi. Aliyechagua Africa/Dar_es_Salaam kwenye seva yake alipewa miaka ya 1930 ya Kenya, pamoja na sheria ambazo hazikuwahi kuihusu Tanganyika. Mwaka 2021 Eggert alitaka kuifanyia Ulaya vilevile, Oslo na Stockholm ziungane na Berlin. Waliotegemea data hizo walipinga vikali, wengine wakataka kujitenga na kuanzisha hifadhidata yao. Hoja yake ilikuwa kwamba haifai nchi tajiri zibakiziwe historia zao huku za Afrika zimekwisha kuwekwa kando. Mwaka uliofuata Oslo na Stockholm nazo zikawa majina ya pili ya Berlin. Wanaotaka mistari ya zamani, ya Dar es Salaam ikiwemo, bado wanaweza kuiunda wenyewe kutoka kwenye faili la pembeni.

Na matoleo yanaendelea kutoka. Kazakhstan iliunganisha kanda zake mbili kuwa moja 1 Machi 2024. Oktoba mwaka huohuo Paraguay iliamua kubaki na saa za kiangazi daima, na badiliko likaingia katika toleo la kwanza la 2025. Kutoka hapo toleo hupita kwa watengenezaji wa mifumo, kisha kwa kampuni za simu, ndipo limfikie mtu, na simu ya zamani isiyopokea tena masasisho huachwa njiani. Simu ya namna hiyo mjini Asunción ilikuwa na kanuni ya kurudi nyuma saa moja Jumapili ya 23 Machi 2025, na mwenyewe angeweza kuizuia kwa kuingia kwenye mipangilio na kuchagua saa za Buenos Aires, ambazo sasa ni sawa na zake.